Mwalimu Ndinda Anastaafu Somo Lake Likiwa Mashakani

Tunawaomba radhi wasomaji kwa kuwa jarida la chuo halijatoka tangu Julai. Tulisubiri habari njema ya kuitangulia hii, lakini haijafika. Mwalimu Ndinda Mukonyo, aliyefundisha Utangulizi wa Falsafa katika chuo chetu cha ufundi hapa Thika kwa miaka thelathini na mmoja, anastaafu tarehe 28 Novemba. Hatujui kama somo lake litabaki baada yake.

Alipofika, wanafunzi wa umeme walishangaa kupangiwa falsafa. Siku ya kwanza aliwauliza: stima ikipotea, inakwenda wapi? Mmoja akamjibu, "Imeenda Juja, madam. Huko haipotei!" Darasa likaangua kicheko, naye akacheka kuliko wote. Kisha akawaambia kwamba kuuliza ni vitu gani vipo, na vipo kwa namna gani, ndiyo kazi ya metafizikia, na kwamba walikuwa wamekwisha kuianza.

Mantiki aliifundisha hata katika chumba cha walimu. Bwana Yogesh wa idara ya umeme alidai kwamba kila akiosha gari lake, mvua hunyesha. Mwalimu Ndinda akamtaka alioshe kila asubuhi mwezi wote wa Februari. Gari liling'aa, vumbi la Thika likabaki palepale, na Bwana Yogesh hakulirudia dai lake. Kwa wanafunzi wa uchomeleaji alifundisha ujumi: aliweka mezani vyuma viwili vilivyoungwa, vyote imara, akataka waeleze kwa nini kimoja kinapendeza na kingine hakipendezi. Ubishi huo ulimaliza saa ya chakula cha mchana.

Hata hivyo, tawi alilolishikilia zaidi ni lile linalochunguza maarifa. Mwanafunzi akitamka jambo, yeye humwuliza, "Umejuaje?" Kutoka hapo huvuka hadi kwenye maadili: ukishajua, unapaswa kufanya nini?

Mwezi wa Julai, mwanafunzi wetu Lenny alikuwa katika mafunzo ya kazini kwenye kiwanda kimoja cha Ruiru. Aliamriwa awashe boila. Akamwuliza msimamizi amejuaje kwamba vali ya usalama inafanya kazi, ilhali hakuna aliyekumbuka kuipima. Akaambiwa awashe tu. Alikataa, akafukuzwa. Kiwanda kikatujulisha kwamba hakitapokea tena wanafunzi wetu maadamu tunaendelea kulifundisha somo la falsafa lililomzoesha kuuliza hivyo.

Tangu siku hiyo chuo kimejaa hofu. Wanaongoja nafasi za mafunzo humkejeli Lenny langoni: "Profesa, umetufungia mlango! Sasa kula falsafa yako!" Wazazi wanapiga simu. Baadhi ya walimu hubadili mazungumzo Mwalimu Ndinda anapoingia. Yeye mwenyewe hajidai kuwa jasiri. Alituambia kwamba huota boila ikipasuka, Lenny akiwa karibu nayo, na kwamba anaogopa vilevile kuwakosesha vijana kazi. Mkuu wa chuo alimshauri ayabakize matawi mengine na aliache swali lake, ili kiwanda kitulie. Aliufikiria ushauri huo kwa wiki nzima, kisha akajibu kwamba hawezi, kwa kuwa fundi asiyeuliza humtisha kuliko kiwanda chochote.

Baraza la chuo litakutana Jumatatu, tarehe mosi Desemba. Mwalimu Ndinda hatakuwa mwajiriwa tena, lakini ameomba nafasi ya kuzungumza, na Lenny ataketi kando yake. Hatujui ni wajumbe wangapi watakaowaunga mkono, na jambo hilo linatunyima usingizi.

Mwalimu, asante kwa kutufundisha sote, sisi wenzako tukiwemo. Tunakuombea afya, utulivu na siku njema nyumbani kwako Gitothua. Baraza likishaamua, liwe limelibakiza somo au limelifuta, mimi mhariri wa jarida hili nitauandika uamuzi huo hapa, pamoja na jina la kila mjumbe na upande alioupigia kura.