Mzee Yotamu na Kikombe cha Jumapili

Tarehe 31 Desemba 1958 Mzee Yotamu Mwambeso anakabidhi usukani, baada ya miaka ishirini na sita katika kampuni yetu ya mabasi. Alianza kama utingo wa lori la mizigo, akapanda kuwa dereva wa njia ya Mbeya na Iringa, na hajawahi kuomba njia nyingine. Abiria wanamjua kwa kuwa hawapigii ng'ombe honi. Husimama, akawangoja wapite, kisha huwashukuru kwa Kinyakyusa.

Lipo jambo jingine, nalo ametuagiza mwenyewe. “Liandikeni,” alisema, “la sivyo msiandike kitu.”

Mwaka 1951 Yotamu alikuwa mlevi. Siku moja alisimamisha basi Makambako, akaingia kilabuni kunywa kikombe kimoja, akatoka jua likizama. Ndani ya basi alikuwamo Juliana, mama wa Iringa, akimpeleka mtoto mgonjwa hospitali ya Tosamaganga. Mtoto alipona. Hata hivyo meneja alimwita Yotamu na kumpa masharti: avuke masika bila kulewa, au aache kazi. Masika ndiyo majira ya ulanzi, pombe ya utomvu wa mianzi inayogemwa kila boma, na mgeni hupokewa kwa kikombe kabla hajaketi. Meneja alijua alichokuwa anapima.

Yotamu alikwenda kwanza kwa Juliana kuomba radhi. Alimkuta akimenya viazi.

“Radhi yako sina pa kuiweka, baba,” Juliana alimjibu. “Jumapili nenda kwa kaka yangu Kasian. Naye alikuwa hivyo hivyo.”

Kasian ni fundi seremala nyuma ya soko la Iringa. Kila Jumapili alasiri, Wakatoliki wakishatoka misani na Walutheri ibadani, watu kadhaa wanaojitahidi kuacha pombe hukaa juu ya mbao zake. Mwandishi wa taarifa hii aliwahi kuomba ruhusa ya kukaa nao, kwa kutaka tu kujua wanafanya nini. Hawahubiri. Hawaulizani nani alianguka. Wanafanya mazoezi ya kukataa. Mmoja anajifanya mwenye nyumba, anaonja kikombe kama desturi inavyotaka, anakitoa kwa mikono miwili. Mwenzake lazima akikatae bila kumvunjia heshima. Evarista, mama aliyekuwa akipika pombe kabla ya kuacha, ndiye mwenye nyumba mgumu kuliko wote. “Umeninunia, mwanangu?” humwambia mtu. “Mama yako angekunywa.” Wanaume wazima hutoka jasho.

Kikombe cha mazoezi kilikuwa na mtogwa, ulanzi wa alfajiri, mtamu, usiolewesha. Mwisho wa kikao walikuwa wakiunywa pamoja. Jumapili moja katikati ya masika yale, ibada ya Walutheri ilikuwa na mchungaji mgeni, mwenye mengi ya kusema. Wakatoliki waliona si adabu kuanza bila wenzao. Mtogwa ukangoja juani. Ulipoonjwa, ulikuwa umeshakuwa mkali, na kila mtu aliutambua ulimini. Hakuna aliyekikataa kikombe. Walikuwa wamejifunza kumkatalia mwenye nyumba yeyote wa Uhehe isipokuwa Kasian, mwenyeji wao. Kikombe kilizunguka, kikazunguka tena, mpaka Evarista akaanza kuimba.

Jumatatu asubuhi basi lilikuwa limejaa, tayari kurudi Mbeya. Yotamu alimwendea wakala wetu, Timotheo, akampa ufunguo.

“Unaumwa?” Timotheo aliuliza.

“Jana nilikunywa. Mtafute dereva mwingine.”

Alisafiri kiti cha nyuma, kati ya kuku na gunia la mahindi. Kondakta Lutengano, ambaye hajawahi kuacha nafasi ya utani ipite, alisimama mbele yake njiani: “Baba, tiketi yako iko wapi?” Basi zima lilicheka. Yotamu hakucheka. Alijua kwamba Mbeya meneja anamngoja.

Meneja alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja: nani aliyemwona akinywa? Yotamu alijibu kwamba hakuna mtu wa kampuni. Meneja aliuchukua ufunguo wa basi, akakaa nao siku nzima. Jumatano alimrudishia, bila hotuba. Masika yaliyobaki yalipita salama, na mengine yote tangu hapo.

Kwa Kasian sasa wanakunywa chai ya tangawizi, na zoezi limeongezwa: siku nyingine Kasian mwenyewe ndiye hutoa kikombe, na ole wake atakayepokea.

Lutengano humwita Mzee Yotamu padri wa tangawizi. Tumemuuliza mzee sasa ataishi vipi, maana basi ndilo lililokuwa likimfikisha Iringa kila Jumapili, na nyumbani kwake Ilomba majirani wanapika pombe pande zote mbili. Hakuficha kwamba anaogopa. Amechonga benchi na kuliweka uani. Jumapili iliyopita alichemsha chai, akakaa peke yake mpaka ikapoa. Kabla hajaingia ndani, jirani yake Jailos alisimama kwenye ua, akauliza kama benchi lile ni la watu wote au la wenye dini fulani.

“Kaa kwanza,” Yotamu alimwambia.

Asante, Mzee Yotamu, kwa kutufikisha. Wenzako tunakutakia Jumapili zenye wageni, na benchi lisilotosha.