Ini la Ignace

Nje ya duka la mshonaji Lambert, huko Rosettenville, mtaa wenye wahamiaji wengi, kuna benchi linalobeba watu watatu na hoja zisizo na idadi. Jumatatu ile, Hénock alikaa katikati na kikombe cha kahawa. Jumamosi walikuwa wamemzika kaka yake mkubwa Ignace, yaya kama alivyomwita, aliyeuawa na saratani ya ini. Kulia kwake alikaa Lambert mwenyewe, aitwaye Waziri; kushoto Ephraim, mlinzi kutoka Tanzania, waliyembandika jina la Mkemia.

— Ini ni pombe tu, alisema Waziri.

— Yaya Ignace alikuwa shemasi, Hénock akamjibu. Hata soda hakuimaliza.

— Basi pilipili, akasema Mkemia. Haba na haba hujaza kibaba.

— Kwetu, Bukavu nzima tunakula pilipili.

— Basi sumu. Kikulacho ki nguoni mwako.

— Nguo zake nilishona mimi, Waziri akasema.

Mkemia akajimiminia kahawa kutoka kwenye chupa.

— Basi lifti. Alilinda jengo la Hillbrow miaka mingi. Mtu anapanda, ini linabaki chini. Mwisho linachoka.

— Eish. Hilo lina mantiki, akasema Waziri.

Hénock hakucheka. Tangu msibani, kila wasipomtazama, alijibonyeza chini ya mbavu za kulia. Hapakuuma. Hilo ndilo lililomtisha: hata Ignace hakusikia maumivu mpaka siku za mwisho.

Marthe, mjane wa Ignace, akatokea akitoka kliniki. Wakamsogezea nafasi, hakukaa.

— Daktari alinieleza, alisema. Ni virusi vya homa ya ini B. Huenda alivipata kwa mama yake, siku ya kuzaliwa. Vikakaa ndani maisha yote, vikilitafuna ini polepole, likawa makovu, kisha saratani. Vikijulikana mapema, dawa za kuvituliza zipo.

— Na hakuna dalili? Waziri akauliza.

— Kwake hazikuwepo. Mimi nimepimwa, sina. Leo wamenichanja.

Akamgeukia Hénock.

— Shemeji, wewe na Ignace tumbo ni moja. Umepimwa?

Hénock akawatazama wenzake, waliokuwa na jibu la kila kitu. Waziri alikuwa akiitazama robot, taa ya kuongozea magari, iliyokuwa nyekundu. Mkemia aliinamisha chupa ya kahawa. Halikutoka hata tone.

— Hiyo kliniki, Hénock akasema polepole, inafunga saa ngapi?

Benchi zima hakuna aliyejua.

— Twende tu, Marthe akasema.

Hénock akaweka kikombe chini, akamfuata.