Suruali ya Mita Moja na Robo

Benchi lilikuwa na miguu mitatu ya mbao na mmoja wa matofali, nalo liliegemea kibanda cha fundi viatu ambaye kijiwe kizima kilimwita Gundi, kwa kuwa akishashika hoja haiachii. Pembeni yake alikaa Wembe, kinyozi wa ng'ambo ya barabara, aliyemwacha mteja kitini na povu shavuni. Katikati alikaa Tanki, fundi bomba, mpana wa mwili na mpole wa sauti, na kwa sababu ya upana huo Kibodi alibakiwa na ncha ya benchi, nusu yake hewani, kompyuta mapajani. Shida ya siku hiyo ilikuwa ya Kibodi. Saa saba ilikuwa imeshapita, kahawa ya Gundi ilikuwa bado ya moto, na kwenye kioo cha kompyuta vilikuwepo vidoa kumi na sita: kumi na viwili vya kijani, vinne vyekundu.

— Vimebadilika? aliuliza Gundi.

— Bado.

— Vipulize kidogo.

Kibodi hakuvipuliza. Alikuwa ameandika kifurushi cha Python, yaani programu ndogo kwa lugha ya kompyuta, mistari mia tatu tu, akakiita Mkasi. Ukikipa vipimo vya mtu, kinakwambia suruali yake itakula kitambaa kiasi gani na kikatwe wapi. Dada yake, fundi cherehani, alikitegemea kwa kazi zake kubwa. Toleo la mwisho Kibodi alilichapisha mtandaoni kwa mkono, bila kulijaribu, macho yamejaa usingizi, na suruali za walinzi sitini zikapasuka nyuma siku ya gwaride, moja baada ya nyingine, kama makofi. Kampuni ya ulinzi ilimpa dada nafasi ya pili, ikamwambia ya tatu hakuna.

Tangu hapo Kibodi alijifunga mikono. Hachapishi tena mwenyewe. Akituma mabadiliko, mashine zilizoko mbali huko mtandaoni zinaamka, zinakijaribu kifurushi kwa suruali za watu wanne, kila mtu kwenye matoleo manne ya Python, la zamani hadi jipya. Vidoa vyote vikiwa kijani, kifurushi kinachapishwa chenyewe. Kimoja kikiwa chekundu, hakitoki kitu. Saa nane kamili kompyuta ya dada ingechukua toleo lolote itakalolikuta, na mkasi wa chuma ungeanza kukata.

Watu wanne wa majaribio walikuwa ndio hao hao wa benchini. Kibodi alinakili kutoka daftari la dada vipimo vyao na kitambaa walichokula; Mkasi ukitoa jibu tofauti na daftari, kidoa kinakuwa chekundu. Na vidoa vinne vyekundu vyote vilikuwa vya Tanki, mume wa dada.

— Shemeji, alisema Kibodi, Mkasi unasema suruali yako ni mita moja na nusu. Daftari linasema mita moja na robo.

— Daftari ni la mke wangu, alisema Tanki. Hao wengine siwajui.

— Hiyo mashine inakaa wapi? aliuliza Wembe.

— Mbali, kaka. Sijui hasa.

— Kwenye baridi?

— Inawezekana. Wanasema hupozwa usiku na mchana.

— Basi! Wembe alipiga paja, la Tanki, maana ndilo lililokuwa karibu. Iko kwenye baridi. Ikimfikiria mtu inamfikiria na sweta. Hiyo robo iliyozidi ni sweta.

— Sweta ndani ya suruali?

— Watu wa baridi huchomekea.

Gundi alitikisa kichwa kama hakimu aliyechoka.

— Dogo, hao Python wako wanne ni ndugu?

— Ni kama ndugu. Mkubwa na wadogo zake.

— Na wote wamekosea swali moja, kwa jibu moja? Wameangaliziana hao. Nimesoma na mapacha mimi. Watenge vyumba.

— Wako vyumba tofauti tayari. Kila mmoja na mashine yake.

— Basi mkubwa aliwanong'oneza kabla hawajaingia.

Simu ya Kibodi ikalia. Alikuwa dada, na nyuma yake cherehani zilikuwa kimya, jambo lililomtisha Kibodi kuliko kelele.

— Mdogo wangu, nimeshatandaza kitambaa. Tabaka thelathini. Nikishakata nimekata.

— Linakuja, dada.

— Saa nane.

— Saa nane.

Alipokata simu wote walikuwa wakimtazama kwa huruma ya watu wasio na kazi ya kufanya mchana huo.

— Si ubadilishe robo iwe nusu? alisema Wembe. Anayeandika ni wewe au ni nani?

— Ni mimi. Lakini sijui nani anasema kweli. Pengine daftari ndilo sahihi, na mimi, nilipoirekebisha hesabu baada ya gwaride, ndiye niliyeongeza kitambaa ovyo. Nikibadilisha jibu ili nifaulu tu, kesho walinzi watatembea ndani ya mapazia.

— Basi mfute Tanki, alisema Gundi. Tubaki watatu. Kijani kitupu.

Benchi lilitikisika mpaka kwenye matofali.

— Mnifute?

— Kwenye mashine tu, bwana.

— Leo kwenye mashine, kesho kwenye benchi.

— Simfuti, alisema Kibodi. Walinzi wenye mwili kama wake ndio waliopasukiwa. Shemeji yupo pale kwa ajili yao.

Tanki, aliposikia kwamba yupo mahali kwa ajili ya watu, alikaa kwa raha zaidi, na Kibodi akasogezwa hewani nusu shubiri nyingine.

— Kuna njia, alisema Wembe. Asile chochote mpaka saa nane. Kila dakika tano tunatuma, tunaangalia rangi.

— Mashine haimwoni, kaka.

— Una hakika? Na hicho kijicho hapo juu ya kioo?

Tanki alivuta tumbo ndani. Wanaume wanne wakatazama vidoa bila kupumua. Vilibaki vyekundu.

— Vuta tena, alisema Gundi.

— Imetosha, nitaanguka.

— Mimi nimeelewa sasa, alisema Gundi, akishusha nyundo. Tanki wetu huyu anapanda mapaa, anachimba mitaro, anatoka jasho. Yule wa kwenye mashine yumo humo mwaka mzima, kakaa tu. Kanenepa. Mpe mazoezi, dogo. Mwandikie hata mistari miwili ya kukimbia.

Kibodi alitaka kucheka, ila saa saba na dakika thelathini na tano haikumruhusu.

— Shemeji, nikupime. Dakika moja tu.

— Mke wangu ni fundi, alisema Tanki. Siku za uchumba alinitazama mara moja, akaandika vipimo, akasema mita moja na robo, akakata. Mpaka leo anawatambia wateja: mume wangu sikumpima, nilimkata kwa macho. Leo nipimwe barabarani, kwa kamba ya viatu?

Hapo ndipo alipofika mlinzi, soli ya buti inachekelea, kofia kaishika nyuma kwa mkono mmoja.

— Samahani wakubwa. Fundi yupo?

— Yupo, ila ana kesi, alisema Gundi. Vua buti, kaa.

— Kukaa siwezi, alisema mlinzi.

Wote wakaelewa kofia ile inaziba nini. Kibodi alihisi masikio yanawaka. Mmoja wa wale sitini alikuwa amesimama mbele yake na soksi moja vumbini. Wembe akamweleza mgeni habari yote, na sweta akaitia humo kama jambo lililokwisha thibitishwa. Mlinzi alisikiliza mpaka mwisho.

— Kwa hiyo ugomvi ni suruali ya mzee huyu.

— Ndiyo.

— Ile ya mita moja na robo.

— Hiyo hiyo.

— Ilimwenea?

Gundi alimgeukia Wembe. Wembe alitazama angani.

— Si ile ya kahawia? alisema Kibodi. Anaivaa kila harusi. Shemeji, si ile?

Tanki alikuwa anatazama ndani ya kikombe chake.

— Ile ya kahawia ilishonwa na fundi mwingine, alisema taratibu. Upande wa pili wa mji. Kitambaa kile kile nilikitafuta siku tatu. Ilikula mita moja na nusu.

— Na ya dada?

— Haikupita magotini.

Hakuna aliyecheka, hata Wembe, ambaye kucheka kilikuwa kipaji chake.

— Alikuwa nje ya mlango, ananisubiri, alisema Tanki. Akauliza, imekukaa? Nikasema imenikaa. Furaha aliyoipata siku ile! Ningeanzia wapi? Miaka tisa imepita. Badilisha, Kibodi. Akiharibikiwa leo kwa uongo wangu, usiku nitageukia ukuta gani?

Kibodi alibadilisha. Kazi yote ilikuwa ni tarakimu chache. Kisha vidole vyake vikasimama.

— Kuna mstari wa sababu, shemeji. Kila badiliko linaandikiwa kwa nini limefanywa, na toleo likitoka linatoka nayo.

— Inasomwa na nani?

— Na yeyote atakayekichukua.

— Andika marekebisho madogo, alisema Wembe.

— Madogo? alisema Gundi. Robo mita?

— Andika kilichotokea, alisema Tanki. Jina uliache.

Kibodi akaandika, akatuma. Vidoa vikawa vya manjano, vikazunguka, halafu vikaanza kuwa kijani kimoja kimoja. Kumi. Kumi na vitatu. Kumi na vitano. Cha mwisho kilikuwa cha Python ya zamani kuliko zote.

— Mkubwa wao anatafuta miwani, alisema Wembe kwa sauti ya chini.

Kikageuka kijani. Saa nane kasoro dakika tatu toleo jipya likajichapisha. Saa nane ilipopita kidogo, simu ikalia. Aliibonyeza ili wote wasikie.

— Limefika, mdogo wangu! Nimejaribu kwa mlinzi mnene kuliko wote, limekaa sawasawa. Nakata.

Wakausikia mkasi ukiingia kwenye tabaka thelathini, krrr, mzito, bila kusita. Kisha ukasimama.

— Lakini hapa chini pameandikwa kitu. «Suruali haikupita magotini.» Ni suruali ya nani hiyo?

Gundi alipigilia msumari kwenye buti pasipohitaji msumari. Wembe aliinua kikombe kitupu, akanywa kirefu. Mlinzi aliisoma soksi yake. Tanki alinyoosha mkono kuomba simu, akaupokea mzigo ule kwa mikono miwili, akausogeza karibu na mdomo, akavuta pumzi.

— Haloo? alisema dada. Si nawauliza?