Mama Pelagia na Kanda za Saba Saba

Mama Pelagia Nyamhanga ameitumikia Ufumaji Iringo, hapa Musoma, kwa miaka ishirini na mmoja, tangu Machi 1962, na leo, tarehe 30 Juni 1983, anastaafu rasmi. Nasema rasmi kwa sababu juzi aliniambia, mimi Felisian, katibu wa kikundi, kwamba bado ana kikazi kidogo cha kumalizia. Sisi tunaomfahamu tunajua vikazi vidogo vya Mama Pelagia huchukua muda gani.

Alizaliwa Mugango na alikuja mjini akiwa tayari anajua kufuma kwa mkono. Kikundi kikamkabidhi mashine ya duara iliyoachwa na masista. Sindano zake zimesimama mviringo, na ukizungusha mkono wake uzi hupita kwenye sindano moja baada ya nyingine, kisha kwa chini hutoka kitambaa mfano wa mrija. Akina mama waliipa jina la Kisagio, kwa jinsi inavyofanana na ile ya kusagia nyama. Mrija huo ni lazima uvutwe na vizito ili ushuke vizuri, na vizito vya mashine vilikuwa vimepotea. Mama Pelagia alikwenda kwa kaka yake, Mzee Rafaeli, mvuvi, akarudi na risasi za nyavu kwenye kikapu. Mpaka leo Mzee Rafaeli analalamika kwamba ana wavu unaoelea.

Kwa miaka mingi Kisagio kilitoa soksi. Zilikuwa soksi nzuri sana, tatizo ni kwamba Musoma kuna joto na wengi wetu tulivaa kandambili. Mwezi Mei 1974 afisa mmoja wa wilaya alitutembelea, akaitazama rafu iliyojaa soksi, akatuambia kwa upole kwamba kijiji kimoja cha ujamaa upande wa Bunda kinaomba mashine kama hiyo. Kama hatutakuwa tumepata kazi ya maana ya kuifanyia hadi Saba Saba, itahamishiwa huko. Hatukulala vizuri. Bila mashine ile kikundi kingebaki meza na viti, na akina mama waliokuwa wakikitegemea wangerudi nyumbani mikono mitupu.

Aliyetuokoa, au tuseme aliyeanza kutuokoa kabla hajatutia matatani, ni yeye huyo Mama Pelagia. Mwalimu Clementi alikuwa akiandaa halaiki ya shule za msingi kwa sherehe hiyo ya Saba Saba na alitafuta kitu cha kuwavalisha watoto kichwani. Mama Pelagia akamwambia, “Mwalimu, soksi nikiikatisha kabla haijafika kisigino, si inakuwa ukanda?” Akaanza siku ileile: uzi wa pamba wa kijani, mstari mweusi katikati, tena kijani. Mrija ukifikia urefu wa mzunguko wa kichwa aliutoa mashinini, akaulaza bapa, akaziunganisha ncha zake mbili kwa uzi mmoja mrefu. Mshono huo ulikuwa ukivutwa kidogo tu unaachia. Mama Ursula, mshonaji wetu hodari, aliucheka kila siku, akisema ni mshono ambao haujaamua kama unakaa au unaondoka.

Vipimo alivichukua Juni, kwa watoto wa Iringo na Buhare waliokuwa wakipita dirishani. Kila ukanda ulikaa sawasawa. Alichosahau Mama Pelagia, na tulichosahau sote, ni kwamba Juni ni likizo, na watoto walikuwa na nywele za likizo. Shule zilipofunguliwa, na wageni wa sherehe wakikaribia, walimu waliamuru vichwa vyote vinyolewe kipara.

Ijumaa kabla ya sherehe yalifanyika mazoezi ya mwisho, na afisa wetu alikuwepo. Watoto walitakiwa wajipange wafanye umbo la jembe. Filimbi ikalia, wakaruka mara moja, na kanda zote zikawashuka machoni. Jembe likavunjika mpini. Watoto waligongana huku wakicheka, mmoja akakimbia peke yake hadi golini akidhani wenzake wako nyuma yake. Sisi hatukucheka. Nilimtazama afisa akitikisa kichwa, nikajua tayari mashine iko safarini.

Mama Pelagia alishika mashavu kwa muda. Kisha akaingia uwanjani, akamvua ukanda mtoto wa karibu, akavuta ule uzi mmoja na ncha zikaachana. Akafumua upana wa vidole viwili, akaunganisha tena, akamvalisha. Mtoto aliruka, ukanda haukusogea. “Hii haikatwagi, inafumuka,” alituambia. “Leteni zote. Na wewe Ursula njoo, mshono wako nitausifu kesho.” Akina mama wote wakakaa kwenye nyasi na sindano, watoto wakapanga foleni na vipara vyao. Jumamosi mchana mtoto wa mwisho alikuwa amevaa wake.

Siku ya Saba Saba jembe lilisimama, mpini na vyote. Baadaye tulimuuliza Mama Pelagia ameionaje hotuba ya mgeni rasmi. “Hotuba gani? Nilikuwaga naangalia vichwa tu,” alijibu. Afisa alitufuata, akaagiza kanda nyingine kwa ajili ya timu za mpira wa pete, akasema mashine ibaki palepale ilipo. Mama Ursula alikaa chini katikati ya watu, akavua viatu, akaanza kucheka, na sisi sote tukamfuata. Sijawahi kushusha pumzi ndefu namna ile.

Kijiji kile cha Bunda hakikuachwa. Mama Pelagia aliomba mwenyewe kwenda kuwafundisha wanawake wa huko kufuma kwa mkono, na miaka iliyofuata akafanya hivyo Butiama. Uzi ulipoadimika baada ya vita, alifumua masweta chakavu ya mji mzima, likiwemo langu ambalo sikuwa nimelitoa. Na tangu siku ya vipara hajapima kichwa cha mtoto bila kwanza kuuliza atanyolewa lini.

Kwa kikundi chote, na kwa niaba ya watoto wale ambao sasa baadhi yao wana watoto wao, asante, mama. Mwaka jana mwenzetu Wankyo alianza kujifunza mashine kwako, na wiki hii amefuma peke yake hadi mwisho bila kukuita. Tulikuwa na wasiwasi kwamba ukiondoka mashine itakosa mtu wa kuiendesha na itachukuliwa, sasa hatuna. Tunakuombea afya, usingizi wa kutosha na majirani wema huko Mugango. Na kile kikazi chako kidogo tunakijua: uliahidi hutaondoka mpaka uhakikishe hakuna wa kutunyang'anya mashine. Hakuna. Nenda ukapumzike.