Kakakuona wa Darasa la Nne

Bajaji ilikuwa imetoka Maisaka asubuhi. Faudhia, aliyebanwa pembeni, hakuwa na nia ya kusikiliza, lakini macho hayana pazia, na masikio ndiyo kabisa.

"Wanafunzi wangu wa darasa la nne wametengeneza ukurasa wa mtandaoni wa wanyama wanaotoweka," mwalimu kijana alikuwa akimweleza bibi aliyeketi katikati. "Yumo kakakuona na magamba yake. Ukibonyeza, anatembea."

"Anatembea kwenda wapi?" bibi akauliza. "Zamani akionekana kijijini, tulimwekea mahindi, maji na mkuki. Alichokiendea ndicho kilichotujia mwaka huo: mavuno, mvua au vita. Ninyi mmemwekea nini?"

Mwalimu akacheka. "Picha za sura za wanafunzi wenyewe, bibi. Tumemzungushia, ukurasa upendeze."

Bibi hakucheka. "Na anamwendea nani?"

"Anatakiwa amwendee yeyote. Ila kompyuta ilipata hitilafu, kila siku akawa anamwendea binti mmoja tu."

"Mzimeni, mwalimu."

"Nimeshamzima, tangu Ijumaa. Lakini ule ni mchoro tu, bibi. Hauna roho."

"Hata mkuki hauna roho," bibi akajibu.

Bajaji ikasimama mbele ya shule na mwalimu akashuka. Faudhia alitaka kumuuliza jina la huyo binti, ila bajaji ilishaondoka. Asubuhi hiyo ya Jumanne, binti yake Tunu, wa darasa la nne katika shule hiyo, aliamka akicheka peke yake kitandani. "Mama," alisema, "kakakuona amenijia tena."