Swali Nililoliruka

Kaeni tu, wapendwa. Msinipigie makofi bado, hamjui nitakayosema. Mzee wa kanisa aliponiomba nishuhudie, nilikataa mara mbili.

Wengi mnanijua kama yule mama wa mtaa wa Dallas, hapa mjini, anayefundisha chuo kikuu. Kazi yangu ni utafiti wa ubongo na macho. Jicho linapokea mwanga tu. Kuona kwenyewe kunafanyika huku nyuma, kwenye kisogo. Mtu analala ndani ya mashine ya MRI, namwonyesha picha, labda uso wa mtu, labda gunzi la mahindi, na mashine inanionyesha ni sehemu gani ya ubongo imeamka. Mama yangu kule Mbeere huwaambia majirani kwamba mimi ni daktari wa visogo. Chekeni tu, hata mimi hucheka.

Lakini hiyo mashine, ndugu zangu, ni sumaku. Sumaku kubwa ajabu, na hatuizimi. Hata stima ikipotea, bado inavuta. Kwa hivyo kabla mtu hajaingia, anavua mshipi, anaacha funguo, halafu anaulizwa maswali ya fomu moja baada ya lingine. Umewahi kupasuliwa? Una kifaa chochote moyoni? Maswali ya kuchosha. Niliyauliza miaka mingi mpaka yakawa kama wimbo.

Tulikuwa tunafanya utafiti katika hospitali moja upande wa Meru. Wagonjwa walikuwa wa kwanza, sisi tulipewa saa zilizobaki. Siku hiyo tulichelewa. Akaingia mwanaume wa makamo kutoka mtaa wa Majengo, amejitolea, amevaa shati safi la kutokea. Nikamuuliza, "Kazi yako?"

"Mimi ni fundi."

Nikaandika fundi. Sikuuliza fundi wa nini.

Akajibu hapana, hapana, hapana. Kufikia swali la sita nilikuwa naangalia saa ya ukutani. Yale manne ya mwisho niliyajaza mwenyewe. Hapana, nne. Moja kati ya hayo manne linasema hivi: umewahi kuingiwa na kipande cha chuma jichoni?

Dada anayeendesha mashine akaniuliza, "Daktari, umemuuliza yote?"

Nikasema, "Yote."

Kitanda kikaanza kusogea polepole. Kichwa chake kilikuwa hakijafika ndani kabisa tulipomsikia. "Jicho! Jicho langu linavutwa!"

Yule dada alisimamisha kitanda, akakimbia ndani, akamtoa taratibu kwa mkono huku anamwambia, "Tulia baba, usigeuze kichwa, tulia." Mimi nilibaki nyuma ya kioo. Nilimwona anaketi, kiganja juu ya jicho la kulia, kisha akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayeuliza njia, "Daktari, naona moshi. Mweusi. Unashuka."

Nilijua huo si moshi. Ni damu ndani ya jicho. Huwa nafundisha darasani.

Eksirei ilionyesha kitu kidogo cheupe kama punje ya wimbi. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Miaka mingi nyuma cheche ilimruka, jicho likamuuma siku mbili, likapona, akasahau. Mashine haikusahau.

Profesa mkuu wa utafiti akanipigia simu. "Ulimuuliza kuhusu chuma?"

Ndugu zangu, ulimi ulinitangulia. "Nilimuuliza. Akasema hapana."

"Basi andika hivyo kwenye ripoti."

Nikaandika.

Naomba mnisikilize vizuri hapa, kwa sababu watu hudhani mtu mwongo ana raha. Fundi alipelekwa kufanyiwa upasuaji, na mimi sikuweza kumeza hata uji. Simu ikilia, naiacha ilie. Nikiona polisi barabarani, najua ananifuata. Nilimwogopa yule dada kwa sababu alikuwa na macho. Niliogopa mwandiko wangu mwenyewe kwenye ile fomu, zile hapana nne zilizoandikwa haraka, zimelala upande mmoja, tofauti na zile za juu. Na nitasema hili kwa aibu: sikuogopa kwanza kwamba atapofuka. Niliogopa kwanza kwa ajili yangu. Jumapili nilikuja hapa hapa, nikaimba.

Siku ya tatu nikaenda kumwona wodini. Msidhani ni upendo. Nilienda kupima kama anakumbuka.

Alikuwa amelala chali, macho yote mawili yamefunikwa. Mke wake alikuwa anamnywesha uji kwa kijiko. "Ni nani?" akauliza. Mke akamwambia ni yule daktari wa mashine. Fundi akanyoosha mkono hewani, akitafuta wangu.

"Daktari, nisamehe," akasema. "Watu wa ofisi walikuja wakaniambia uliniuliza kuhusu chuma. Najaribu kukumbuka, nashindwa. Lazima nilijibu bila kufikiri. Nimekuharibia kazi yako."

Nilitazama mlango. Ndiyo, nawaambia ukweli, nilitazama mlango. Ulikuwa wazi. Ningesema pole, ugua pole, nikaenda zangu, na yule mtu angebeba kosa langu maisha yake yote, pengine akiwa na jicho moja. Lakini mkono wake ulikuwa umeshika wangu, na ulikuwa wa moto.

"Fundi," nikasema, "sikukuuliza. Nilijaza mwenyewe."

Mke wake akaweka kikombe chini. "Ulijaza mwenyewe?"

"Ndiyo, mama."

"Hili jicho la mume wangu?"

"Ndiyo."

"Toka."

Nikageuka. Fundi akasema, "Ngoja. Haya umesema hapa, utayasema kwa wale waliokuja?"

"Nitasema."

"Nenda ukaseme kwanza. Mengine tutaongea nikiwa naona."

Nilienda. Mbele ya kamati ya hospitali nilisoma maneno yangu kwenye karatasi kama mtoto wa shule. Yule dada wa mashine aliketi nje kwenye benchi mpaka nikamaliza, ingawa nilikuwa nimemdanganya yeye kwanza. Utafiti ukasimamishwa. Nikasimamishwa kazi. Profesa akaacha kunisalimia.

Nikarudi Mbeere kwa mama. Huko nako hofu ilinifuata. Jirani akiwasha pampu ya maji, ule mgongano wa chuma, nasikia mashine, jasho linanitoka. Siku moja mama alinikuta nimejikunyata nyuma ya ghala. Hakuuliza mengi. Akanipa kikapu. "Kama unaogopa, ogopa ukifanya kazi. Ndengu hazijichumi."

Wiki kadhaa baadaye simu ikalia. Ni mke wa Fundi. "Bandeji zimetolewa. Anasema uje na zile karatasi zako za kupima."

Wapendwa, nimefanya mitihani mingi, lakini sijawahi kuogopa kama siku hiyo Majengo, nimesimama kwenye kibanda chake cha kazi, nimeinua karatasi ya herufi. Akafunika jicho la kushoto. Mke wake ameziba mdomo kwa leso. Kisha akaanza. Mstari wa kwanza. Wa pili. Wa tatu akaenda polepole. Wa nne. Wa tano akakwama, akasema, "Hapo kuna doa, kama la mafuta, pembeni. Lakini nakuona, daktari. Umekonda."

Nililia mpaka wateja wakaja kuchungulia. Mke wa Fundi hakuniambia amenisamehe. Alinimiminia chai. Nikanywa.

Baada ya mwaka mmoja nilirudishwa kazini, chini ya mtu mwingine. Mtu yeyote anayeshika chuma huenda eksirei kwanza. Na maswali ninayauliza yote, kwa Kiswahili, kisha kwa Kimeru, na nikiona mtu ananijibu haraka, naanza upya. Vijana wangu hunung'unika. Wacha wanung'unike.

Namshukuru yule dada aliyenisubiri kwenye benchi. Namshukuru mama. Fundi na mkewe hawako hapa, wao huswali kwingine, lakini Fundi amenipa ruhusa niseme, mradi nisitaje jina. Na ninyi akina mama mlioniletea sahani za mukimo mlangoni bila kuuliza kimetokea nini, Mungu awabariki.

Niliyojifunza ni haya tu. Kama kuna mtu anakuomba msamaha kwa kosa lako, usingoje kesho kumwambia. Na mkiniombea leo, msiombe niache kuogopa kabisa. Kila mtu anapolala kwenye kile kitanda, moyo wangu unapiga sana. Niombeeni uendelee kupiga.