Ua Langu kwa Fundi Cherehani

Sogeeni wanangu. Binti yangu, kaa hapa kichwani pa kitanda nikuone, na wewe kaka yake funga mlango, maana pumzi niliyobakiwa nayo sitaki kugawana na watu wa nje. Nyumba abaki nayo baba yenu, vyombo gawaneni bila kununiana, na shangazi yenu aliyeninunia tangu siku ya harusi yangu mwambieni nimemsamehe, ila sufuria kubwa asipewe.

Sasa sikilizeni la moyoni. Maua yangu ya dirishani, yale yanayotambaa, yenye majani ya mabaka meupe, yahamishieni kwenu yote. Kateni chini kidogo ya kifundo, maana mzizi hutokea hapo na si kwingine, toeni jani la chini lisilowe, tieni kwenye chupa ya maji safi, na maji yakianza utelezi badilisheni. Humu ndani lisibaki hata jani. Mnaniona mchoyo? Nina wivu, wanangu, nasema wazi.

Juzi mliponirudisha kutoka hospitali, gari lilipunguza mwendo mbele ya fundi cherehani, yule mjane wa pale kona, nikaona chupa dirishani kwake, na ndani yake ua langu. Huyo mama nimempa vipande miaka nenda miaka rudi, naye kila mara anavipunguza vienee kwenye gilasi yake fupi, vifundo anavitupa, anabaki kuotesha vijiti mpaka vinaoza. Hicho cha juzi kimekatwa mshazari chini ya kifundo, na mizizi imejaa chupa. Mkono huo naujua, niliufundisha mwenyewe, jioni baada ya jioni, mimi na baba yenu tumeegemeana pale dirishani. Angempa pesa ningenyamaza. Kampa jioni zetu.

Akitaka kuoa nikishaondoka, msimzuie, mtu hawezi kula peke yake kila siku. Lakini angesubiri. Angenisubiri kidogo tu.

Mungu awape nyumba zenye mwanga, na watoto wenu wawasikilize kama... nipeni maji, nilowanishe midomo. Radhi zangu mnazo, nyote wawili.

Baba yenu yuko wapi? Kaenda duka la dawa? Binti yangu, chungulia dirishani. Duka la dawa liko kushoto, kwa fundi ni kulia. Niambie amekata wapi.

Mbona unafunga pazia, mwanangu?